Funza kwa perege wangu

Chakula cha samaki cha dukani mara nyingi hutiwa dagaa, na dagaa twawagombania sisi wenyewe, ndiyo bei haishikiki. Hapa Malindi nimegeukia funza wa Hermetia illucens, nzi mweusi mwembamba kama nyigu. Nawapa maembe yaliyooza na masalia ya mboga za sokoni.

Mavyaa alishika pua: “Mwanangu, wataka kutuletea kipindupindu?” Lakini nzi huyu akipevuka hahitaji kula, akiba ya ufunza yamtosha; sufuria ya mtu ya nini?

Uhondo ni kuvuna. Wakikomaa hugeuka kahawia na kupanda wenyewe ukingoni mwa beseni kutafuta pakavu. Kazi yangu kukinga ndoo. Wakikaushwa, protini hukaribia asilimia 40. Pumba bado nachanganya, maana wana mafuta mengi.