Majibu ya kisima cha Njiro

Mwaka 2012 nilikuwa kijana wa maabara hapa Arusha, tukawa tunachukua sampuli za maji Njiro, kwenye visima vya watu jirani na eneo zinapotunzwa taka za mionzi, zile zinazotoka mahospitalini na viwandani. Kinu cha nyuklia Tanzania hatuna, ingawa wengi mtaani waliamini tunacho, ila maji ya jirani lazima yapimwe tena kabla mtu hajalalamika, ukingoja walalamike umeshachelewa.

Siku hiyo tukafika kwa mama mmoja mwenye kisima ambacho mtaa mzima wanachota. Shikamoo mama, marahaba wanangu, vizuri tu, halafu akaona chupa, akasimama mbele ya kisima. Hamchoti. Kumbe walishapita wengine kabla yetu, wakachota, wakaandika namba kwenye chupa, wakasema tutarudi na hadi leo kimya. "Maji yangu yalienda wapi? Yana nini? Mi nanywesha wajukuu hapa."

Mwenzangu akataka kuanza habari za kibali cha serikali ya mtaa, nikamvuta pembeni maana mama alikuwa na haki yote. Mzee wetu wa maabara ndo akaomba kiti, akakaa, akaanza kumsimulia Brookhaven, maabara kubwa ya utafiti wa nyuklia kule Long Island, Marekani. Mwezi wa kwanza 1997 ikajulikana kwamba maji ya ardhini karibu na kinu chao yana traitiamu kupita kiwango cha maji ya kunywa cha kule. Ilikuwa inavuja kwenye bwawa la fueli iliyotumika, kidogo sana, galoni 6 hadi 9 kwa siku, lakini huenda ilivuja hata miaka 12 bila mtu kujua, kwa sababu visima vya kupimia pale karibu na kinu vilichelewa kuchimbwa. Na traitiamu ni haidrojeni yenye mionzi, inakuwa maji yenyewe, uchuje uchemshe haitoki. Visima vya kunywa vya majirani haikuvifikia, ila wananchi waliwaka, waendeshaji wakavunjiwa mkataba mwaka huohuo, na 1999 ikaamuliwa kinu kisiwashwe tena.

Mama akasikiliza yote, akauliza, "Kwa hiyo nyie mnapima ili nani ajue?"

Hilo swali nimelibeba kwenye kazi mpaka sa hivi. Nikamuahidi majibu nitamletea mwenyewe mkononi, akatupisha. Tukasuuza chupa mara tatu kwa maji yaleyale ya kisima, tukajaza, ya mionzi tukaitia asidi ya naitriki kidogo ili vitu visigande kwenye kuta za chupa, nyingine ya plastiki tukaiacha bila asidi kwa ajili ya floraidi, madini ya kwenye miamba yanayoingia majini, hii niliomba mimi, yaani upime maji ya Arusha uache floraidi kweli?

Maabara tukayakausha taratibu kwenye moto mdogo, mabaki yakakaa kwenye mashine masaa mengi. WHO, Shirika la Afya Duniani, wanataka ukizidi 0.5 bekereli (kipimo cha mionzi) kwa lita za mionzi ya alfa, au 1 ya beta, uchunguze zaidi. Yake yalikuwa chini kote. Floraidi sasa, ilikuwa juu ya miligramu 1.5 kwa lita ya WHO lakini chini ya 4.0 ambayo ndo ilikuwa kiwango chetu wakati ule, kwa hiyo kwa karatasi za nchi yamepita, na kuna mtu akaniambia andika salama basi yaishe. Nikakataa. Nikaandika namba zote na viwango vyote viwili.

Nikampelekea. Mionzi haijazidi kiwango mama, ila kuna hii inayotoka kwenye miamba ya Meru, ndo inayopaka watoto meno kahawia, na kuchemsha hakusaidii. Akamwita mjukuu, akamwambia cheka, akayaangalia yale meno muda mrefu, akasema sisi tulijua ni ya ukoo. Nikamweleza watoto wadogo wapewe maji ya mvua ikiwezekana, na habari za vile vichujio vya mkaa wa mifupa vya kule Ngurdoto. Akaikunja karatasi akaitia kwenye kanga, akanishika mkono tukaenda nyumba ya jirani, akabisha hodi mwenyewe, "Huyu kijana anarudisha majibu, mtolee maji," tukaendelea nyumba kwa nyumba mpaka chupa zikaniishia.