Pipa lililokuwa nusu

Juzi usiku binti alikuwa mezani na daftari la kemia, anachora alama za tahadhari: fuvu na mifupa, mwali wa moto, kimiminika kinachokula mkono. Akauliza bila kuinua kichwa, "Mama, kwa nini asidi ndiyo imiminwe kwenye maji, na si maji kwenye asidi? Si vinachanganyika vilevile?"

Nilikuwa nakaanga maandazi. Nikamwambia unajua tone la maji likidondoka kwenye mafuta haya linavyoruka. Asidi kali ya salfuriki ni nzito karibu mara mbili ya maji, na vikikutana joto lake ni kubwa. Ukiitia kidogo kidogo kwenye maji mengi huku unakoroga, inashuka na joto linasambaa. Ukimwaga maji juu yake, yanabaki juu, yanachemka palepale na kuruka pamoja na asidi. Akaandika, akaridhika. Mimi maandazi yaliyofuata yaliungua.

Oktoba 2003, kidato cha nne, wiki chache kabla ya mtihani wa taifa. Mnaijua Dodoma ya Oktoba. Mvua mara ya mwisho ilinyesha Aprili, upepo na vumbi, bomba ukilifungua linakohoa hewa. Maabara yetu ilitegemea pipa la plastiki pale mlangoni, tukilijaza kwa zamu kutoka kisimani. Siku ile zamu ilikuwa yangu. Ndoo sita ndizo zilizotakiwa. Foleni ilikuwa ndefu na nilitaka kuwahi kusoma, nikapeleka tatu.

Mwalimu alitoka mara moja kufuata chaki. Rafiki yangu, tuliyekaa dawati moja tangu kidato cha kwanza, aliona asidi imebaki kwenye bika, akataka kuipunguza makali. Akachota maji kikombe kimoja, akamimina.

Ililia kama kaango la moto lililomwagiwa maji. Ukapanda mvuke, na yeye akarudi nyuma ameunyanyua mkono wa kushoto kama si wake. Mkono wa shati ulianza kutoboka tukiuangalia. Usoni haikumfika. Miwani ya kukinga macho ilikuwa kabatini, imefungiwa, na sijui tungesema nini leo kama ingefika machoni.

Mwalimu aliingia mbio, akauchana ule mkono wa shati, akapiga kelele, "Maji! Msimfute, mmiminieni! Msiache!" Tukamimina. Kikombe, kikombe, kikombe. Kisha nikaisikia sauti ambayo hadi leo ikinijia usiku naamka: kikombe kikikwangua chini ya pipa. Nilijua kabla ya wenzangu, kwa sababu nilijua nilileta ndoo ngapi. Ukutani, juu kidogo ya kichwa chake, bango la kanuni lilisema aliyemwagikiwa na asidi aoshwe kwa maji mengi yanayotiririka, dakika 20 au zaidi. Tulikuwa tumelikariri lote. Hatari ya asidi tuliijua kwa jina na kwa alama. Siku ambayo bomba ni kavu hakuna aliyetuuliza tutafanyaje, na sisi hatukujiuliza.

Tulikimbilia jikoni. Sufuria kubwa la ugali lilikuwa limejazwa maji, bado halijapata moto. Mama mpishi hakuuliza hata swali. "Chukueni, wanangu. Ugali utasubiri." Wasichana wanne tukabeba ndoo kichwani, tunamwagika njia nzima.

Alipelekwa hospitali, akarudi, akafanya mtihani, akafaulu kunizidi. Kovu lilibaki.

Mwaka jana tulikutana msibani, tukapangwa kuosha vyombo. Akakunja mikono, akaanza kusuuza sahani, na kovu likawa linameta ndani ya maji. Nikasema, "Shoga, siku ile pipa..." Akaniangalia. Mtu akaita chai, akainuka, nami sikumfuata. Sijui kama kumwambia sasa ni kwa ajili yake au kwa ajili yangu, na hilo ndilo linalonizuia.

Binti alipofunga daftari nikamuuliza, "Maabara yenu ina maji?"

"Kuna sinki, mama. Na bomba."

"Linatoa?"

Akafikiri. "Sijawahi kulifungua."