Mwenyekiti na Chakula Kisichopita Motoni

Jumamosi jirani wa nyuma aliletewa korosho kutoka kwao Mkuranga, akaamua kuzichoma mwenyewe uani, juu ya bati lililotobolewatobolewa. Haikuchukua muda nusu ya mtaa ilikuwa getini kwake. Mmoja alishaanza kupiga simu akidhani nyaya za umeme zinaungua. Mimi nilitoka nikasimama kwenye ule moshi makusudi, macho yananichonyota, binti yangu ananivuta kanga nirudi ndani. Moshi wa ganda la korosho unakaba koo, na kwenye nywele hautoki kwa kuosha mara moja. Mtu wa Tandahimba akiunusa ungetegemea umrudishe Tandahimba. Mimi ulinipeleka Berlin.

Na Berlin nilikwenda na Mwenyekiti, mzee anayeongoza chama chetu cha wakulima wa korosho.

Ilikuwa Januari 2019. Tulikwenda watu wachache wa vyama vya msingi, vile vyama vya ushirika vya wakulima, kutembelea Grüne Woche, yale maonyesho makubwa ya kilimo na chakula ambayo Berlin imekuwa ikiyafanya tangu 1926, mimi nikiwa mkalimani. Viza, makoti ya kuazima, Mwenyekiti kugoma kuvua kofia uwanja wa ndege, hayo nayaruka. Lakini msimu ule mnaukumbuka. Wakulima walikuwa wamezikataa bei za mnadani, Novemba 2018 ikatangazwa kwamba Serikali itanunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakashuka kusini kuzibeba. Tulipopanda ndege, uhakiki wa wakulima, ule wa kabla ya kulipwa, ulikuwa bado haujamfikia Mwenyekiti. Magunia yake yako ghalani, na simu yake haitulii. Kila mwanachama anapiga kuuliza, "Mwenyekiti, vipi huko?" utadhani fedha zinatoka Ujerumani.

Siku ya tatu jioni kijana aliyekuwa mwenyeji wetu akasema ametuandalia jambo. Kuna mgahawa anaoupenda mno, hawatumii nyama, maziwa wala mayai, na hawapiki. Na zaidi ya nusu ya menyu yao, alisema huku uso umemchangamka, ni korosho. Alikuwa ameutafuta kwa ajili yetu. Nje barafu imeganda kando ya barabara, sisi tumeshinda siku nzima kwenye mabanda tukionjeshwa vipande vya soseji ambavyo wenzangu walivikwepa, na matumbo yalikuwa yanadai kitu cha moto. Nilitafsiri neno kwa neno. Mwenyekiti akatikisa kichwa kwa adabu, kama mtu aliyepewa habari ya msiba wa mbali.

Mgahawa wenyewe ulikuwa mdogo na wenye joto zuri, tena joto kupita kiasi, tukavua makoti. Nyuma ya kaunta blenda zilikuwa zinanguruma bila kupumzika. Pembeni kulikuwa na kabati la chuma lenye trei nyingi na feni nyuma yake, hiyo ndiyo mashine yao ya kukaushia. Mwenyekiti alikizungusha kichwa ukumbi mzima, kisha akaniinamia.

"Mwanangu, hawa jiko lao liko wapi?"

"Hawana, mzee wangu."

"Limeharibika?"

"Hawalitaki."

Akanyamaza akilitafakari hilo.

Mhudumu, binti mchangamfu mwenye aproni ya kijani, alitueleza taratibu za pale. Hakuna kitu kinachovuka nyuzi joto 42, kwa sababu moto, wanavyoamini wao, unaua vimeng'enya vya asili vilivyomo kwenye chakula. Mkate wao ni mbegu za kitani zilizolowekwa, zikasagwa, zikatandazwa na kukaushwa usiku kucha. Jibini yao ni korosho mbichi zilizolowekwa na kusagwa na ndimu. Nikatafsiri. Mzee mwingine wa msafara wetu, wa Nanyumbu, akauliza nyuzi 42 ndiyo joto gani hasa. Mwenyekiti akamjibu bila kungoja, "Ni bati la nyumba yako mwezi wa kumi, na hapo umelipunguza."

Tukaagiziwa lazanya.

Ile sahani naiona mpaka leo. Jiwe jeusi, bapa, na katikati mnara mdogo wa rangi nne. Zukini, jamii ya maboga, zimekatwa wembamba wa kupitisha mwanga, zimelegezwa kwa chumvi na mafuta ya zeituni. Juu yake nyanya zilizokaushwa na kusagwa, nyekundu ya kuelekea kahawia. Halafu majani ya rihani yaliyopondwa, ndiyo, rihani, kule tunakofukizia chumba na kumpamba bibi harusi, huku wanakula. Na kati ya kila tabaka, uji mzito mweupe unaong'aa kidogo, unaofuata kisu unapokata. Ilikuwa baridi. Hata baridi si neno lenyewe, ilikuwa na lile joto la kitu kilichosahaulika mezani. Nikatia mdomoni nikijiandaa kuvumilia.

Nyanya ilifika kwanza, kali, ikafuata chumvi. Kisha ule uji mweupe ukatanda ulimini, na nikaacha kutafuna. Mama yangu msimu wa korosho huzitwanga zile zilizovunjika, zisizouzika, anaungia kisamvu. Kabla hajazimimina chunguni hutukatia kidogo kwa kidole, na utamu wake ndio huohuo, mafuta yaliyotulia, mwisho wake kama maziwa. Kisamvu tu ndicho kilichokosekana. Niliinua macho nikamkuta Mwenyekiti naye kaacha kutafuna, kafumba jicho moja.

"Hii korosho," akasema.

"Ndiyo."

"Na wanasema mbichi?"

"Ndivyo wanavyosema."

Akaweka uma chini. Akacheka, kile kicheko chake kisicho na sauti kinachotikisa mabega tu, kisha akageuza viganja vyake juu ya meza, palepale kwenye taa, akavitazama. Mnaojua mtajua. Kwa wasiojua, ganda la korosho lina mafuta meusi kati ya kuta zake mbili, na mafuta hayo yanaunguza ngozi kama tindikali. Ukilipasua bichi kwa meno, midomo inababuka. Sisi watoto tulikuwa tukipaka majivu mikononi kabla ya kubangua, na bado mimi nina kovu kwenye kidole gumba. Ndiyo maana korosho huchomwa kwanza au hupitishwa kwenye mvuke mkali, ganda likaze, mafuta yatulie, ndipo ibanguliwe. Mvuke wenyewe unazidi nyuzi 100. Hiyo inayouzwa duniani kote kuwa mbichi, karibu yote imeshakutana na moto kabla haijatoka kwenye ganda lake.

"Muulize yule binti," Mwenyekiti akaniambia, "nani kaibangua."

Nilisita. Mwenyeji wetu alikuwa anatutazama kwa furaha, anasubiri sifa. Lakini huwezi kumwambia Mwenyekiti kwamba swali lake halitafsiriki, anajua Kiingereza cha kutosha kukukamata. Nikauliza. Binti akasema hajui, hajawahi kuulizwa, ngoja amwite mpishi. Mpishi akaja, mama wa makamo, mikono imelowa, na badala ya kujibu akarudi ndani akatoka na boksi lililokwisha nusu. Vietnam. Uzito wa kilo 22.68. Na pembeni kwa herufi kubwa, W320.

Hapo hakuhitaji mkalimani. "W mia tatu ishirini," Mwenyekiti akasoma, akiipapasa ile chapa kwa kidole. Hilo ni daraja la korosho nzima nyeupe, punje kama 320 kwa ratili moja, na kila aliyekaa kwenye kikao cha chama kusini analijua, hata kama hajawahi kuona boksi lake. Korosho zetu nyingi huondoka Mtwara zikiwa na maganda yake, zinakwenda India na Vietnam kubanguliwa huko, kisha zinasambaa duniani zikiwa na jina la huko. Ya kwenye lile boksi ilizaliwa wapi hakuna aliyeweza kusema. Mwenyekiti lakini alishaamua. "Hii ni ya kwetu," alimwambia yule mzee wa Nanyumbu. "Itazame." Wakaitazama wote wawili punje moja mkononi, wakaipitisha.

Mimi nikajikuta namweleza mpishi habari ya mvuke. Nikamwonyesha na kovu langu. Nilidhani atabisha. Akafuta mikono, akasema anajua. Zipo zinazopasuliwa kwa mkono bila moto wowote, moja moja, kwa uangalifu, lakini bei yake hawezi kuigusa. "Nikiitoa korosho," alisema, "kwenye menyu yangu inabaki saladi." Aliyekuwa hajui ni yule binti. Alisimama na trei yake, ananitazama mimi, anamtazama bosi wake, na nikaona anahesabu ni watu wangapi ameshawaeleza habari ya zile nyuzi 42 tangu aajiriwe. Mwenyeji wetu masikio yalikuwa yamemwiva. Nilimwonea huruma. Kijana alitaka kutuheshimu, na alikuwa ametuheshimu kweli, chakula kilikuwa kitamu, tena sahani ya Mwenyekiti ilirudi tupu.

Bili ilipokuja Mwenyekiti aliomba aione, si kwa kulipa, tulikuwa wageni. Lazanya moja yuro 16. Akatoa kijitabu chake cha mfukoni, kile cha kuandikia kilo za wanachama, akaniomba kiwango cha kubadilishia fedha. Ilikuwa kama shilingi 2,600 na ushee kwa yuro. Akaandika taratibu, akigawanya kwa mkono: shilingi elfu arobaini na mbili hivi, kwa 3,300, karibu kilo kumi na tatu za korosho na maganda yake. Akalinganisha na ule uji mweupe, ambao hata tukizidisha ulitokana na konzi moja ya punje. Hakusema kitu. Alifunga kijitabu, akaingiza kalamu mfukoni, akamuuliza mwenyeji wetu kwa Kiingereza chake kama hapo karibu kuna mahali pa kupata chai ya moto. Palikuwapo. Alikunywa vikombe vitatu.

Miaka imepita na bado sijajua niliumwa na nini usiku ule. Si uongo wa menyu, maana haukuwa uongo wa kumdhuru mtu. Mpishi naye hana kosa la kwamba kule kwetu viwanda vingi vya kubangulia vilivyojengwa miaka ya sabini viligeuka maghala. Labda ni ile hali ya kwamba moto wenyewe ulikuwapo, ila uliwashwa mbali, na watu wengine, ili watu wa mezani wapate raha ya kuamini haukuwashwa. Na labda ni njaa tu. Nilikula soseji ya kuku usiku wa manane, naombeni msimwambie Mwenyekiti.

Mwezi uliofuata alitoa taarifa ya safari kwenye mkutano wa chama, chini ya mwembe wa ofisi, watu wamejaa kwa sababu kila mmoja alikuja kuulizia malipo. Alieleza maonyesho, matrekta, barafu. Kisha akasema Wajerumani wanakula korosho mbichi. Minong'ono ikaanza. Bibi mmoja wa mstari wa mbele, mbanguaji wa siku nyingi, akanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, na midomo yao?"

"Haina kitu, mama. Laini kabisa."

"Basi si mbichi."

"Ndivyo na mimi nilivyowaambia," akasema Mwenyekiti, ambaye hakuwa amewaambia chochote, mimi ndiye niliyewaambia. Nikaandika kwenye muhtasari, kwa sababu nao walinipa mimi: agenda ya tatu, taarifa ya safari, imepokelewa. Agenda ya nne, mashine ndogo za kubangulia, iahirishwe hadi malipo yatakapotoka.