Chumba cha kompyuta kilichotoka jasho

Tulipoanza kuigeuza skuli yetu ya sekondari hapa Ng'ambo, mjini Unguja, iwe skuli ya serikali yenye mkondo wa teknolojia, kila aliyetushauri alizungumzia kompyuta, idadi yake na programu zake, wala hakutokea hata mmoja aliyezungumzia hewa. Vibali, michango, vikao vya kamati na safari za wizarani sitavisimulia, kwani aliyewahi kujenga skuli ya umma anavijua, na asiyewahi hatoniamini.

Ninachotaka kusimulia ni chumba. Mkandarasi alitushauri, kwa kujiamini kabisa, tuzibe madirisha kwa vioo visivyofunguka na tutie viyoyozi viwili, kwa kuwa, kwa maneno yake, mashine hupenda baridi. Mimi, niliyekuwa katibu wa kamati na juu ya hayo mwalimu wa fizikia, nilitia saini. Mtu aliyefundisha somo la mvuke na umande kwa miaka kumi na mitatu, kisha akaipitisha ramani ile, hana wa kumlaumu, ingawa mkandarasi nitamlaumu kidogo hata hivyo.

Kaskazi yote chumba kilikuwa raha, mpaka walimu wakahamishia humo vikao visivyohusiana na kompyuta hata kidogo. Kisha yakaingia masika. Viyoyozi vilikuwa vimewekwa nyuzi 18, na asubuhi moja, mvua ikinyesha, wanafunzi wa zamu wakauacha mlango wazi. Hewa nzito ya nje ikaingia, na baada ya dakika chache kila kompyuta mpakato iliyokuwa juu ya meza ikatiririka maji kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Mtoto mmoja, kwa adabu zake zote, akakifuta kioo kwa mkono wa shati, akabonyeza swichi. Ukasikika mlio mdogo, ikafuata ile harufu ambayo fundi haulizi ni ya nini. Siku ile zilikufa mashine tatu, na tulipozifungua nyingine tukaona shaba imeota kutu ya kijani, maana unyevu wa kisiwani kwetu hauji peke yake, huja na chumvi yake.

Tukaambiwa dawa ni kuviacha viyoyozi viwake usiku na mchana. Anayekumbuka jinsi Unguja ilivyokaa bila umeme wa gridi kutoka Desemba 2009 mpaka Machi 2010 hawezi kuupokea ushauri wa namna hiyo bila ya kucheka.

Nilichokumbuka mimi ni kabati la marehemu ami yangu. Alikuwa mpiga picha, na nyumbani kwake kulikuwa na kabati tulilokatazwa kulifungua, ambalo ndani yake globu iliwaka mchana na usiku kando ya kamera. Sisi watoto tulidhani anafuga kitu. Kumbe alikuwa akizikinga lenzi zisiote ukungu: hewa ikipashwa moto kidogo hukauka, na mvuke haugeuki maji juu ya kitu chenye joto kuliko hewa inayokizunguka. Ami hakusoma fizikia hata darasa moja.

Nikamwendea seremala wa mtaani, nikamwagiza makabati mawili yenye rafu za fito na matundu chini na juu, ili hewa moto ipande na kutoka. Akaniuliza, "Maalim, hili kabati au tanuri?" Swali lake lilikuwa la haki, kwa kuwa usiku wa kwanza nilitia globu ya wati 100, na asubuhi mashine zilikuwa za moto kama mikate, jambo baya kwa betri zake. Tukashuka mpaka wati 40. Globu yenyewe lazima iwe ya zamani, ile inayochoma mkono, na niliisaka Darajani madukani siku mbili huku kila muuzaji akinisomea faida za LED. Iwekwe chini kabisa, izungushiwe wavu wa chuma, isiguse mbao. Kwa usiku wa saa kumi na mbili kila kabati hula nusu uniti ya umeme, nayo makabati yote mawili yaligharimu laki tano au sita, mbao zilikuwa zimepanda.

Vioo tukaving'oa, tukaweka madirisha ya kufunguka pande mbili zinazotazamana, kaskazi na kusi zipate njia, na feni za dari. Soketi tulizipandisha usawa wa kiuno baada ya maji kuingia mara moja. Na mchanga wa pwani msiuguse kwenye zege, hata mkipewa bure, maana chumvi yake hula nondo.

Masika mawili yamepita na hakuna mashine iliyokufa kwa maji. Mwalimu Mkuu ameagiza kabati la tatu kwa ajili ya vyeti. Juzi nimeletewa ramani ya maabara ya kemia, na mle ndani viyoyozi viwili vimo tena. Nimeirudisha bila ya saini.