Huyu ni mgeni

Arusi ya Zuhura imepita salama na pilau lilitosha, Baba katolewa bandeji ya jicho, na juzi tumehesabu mali ya dukani mpaka saa tano usiku. Yangekuwa mambo ya kuandika, lakini tangu Jumanne kichwani mna sentensi moja, tena si yangu, na imekataa kukaa kitako.

Saa nne asubuhi, dirishani pa duka letu la dawa. Mama wa makamo (nimebadilisha mawili matatu asijulikane), kashika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili kama aliye kwenye mashua. Shikamoo, marahaba mwanangu. Anataka Panadol na "kitu cha kizunguzungu". Malaria kapima jana, hakuna. Kisha akashusha sauti: akigeuza macho upesi anasikia shoti kichwani, zzt, kama waya umegusana. Ndoto zinamtoa jasho. Juzi kalia kwa sababu ya sufuria iliyoungua. Vidonge vyake vya sonona viliisha Alhamisi, akajiona mzima, akaona basi, imetosha. Setralini, miligramu 100 kwa siku, mwaka na nusu.

Nikamjibu, tena upesi: "Mama, hiyo ni sonona inarudi."

Akanitazama. "Mwanangu, ugonjwa wangu naujua, naujua mpaka unavyobisha hodi. Huyu ni mgeni."

Akalipa Panadol, akaenda zake.

Nimeirudia sentensi ile nikioga, nikikuna nazi, nikimsikiliza shemeji akieleza habari za ukumbi wa arusi. Kinachochoma ni kwamba kila kilichotakiwa kujulikana kilikuwa kimeshasemwa pale kaunta, na yeye alikuwa anakisoma vizuri kuliko mwenye koti jeupe.

Hesabu siku tu. Setralini hupungua nusu mwilini kila baada ya saa 26 hivi. Kidonge cha mwisho Alhamisi usiku, Jumamosi usiku imebaki kama robo, Jumanne asubuhi labda sehemu moja katika ishirini. Dalili za kuacha dawa huja hapo hapo, siku ya pili mpaka ya nne. Sonona ikirudi haina haraka hiyo. Hujongea kwa wiki, mara nyingi kwa miezi: usingizi unakatika alfajiri, chakula hakina ladha, kisha ule uzito. Na sonona haina shoti. Shoti za kichwani zinazokuja na kugeuza macho, kizunguzungu cha mtu aliyeshuka botini, kichefuchefu, maungo kuuma kama mafua yasiyo na kamasi, ndoto za rangi kali, hasira na machozi visivyo na sababu ya kutosha: vikija pamoja baada ya dawa kukatika, sababu ni kule kukatika. Mwili umekaa mwaka na nusu huku dawa ikizuia seli zisifyonze serotonini, kemikali ya ubongo, kurudi ndani, na ubongo ukajipanga kuishi na wingi huo. Ukiondoa dawa ghafla, wingi unashuka kwa siku chache, ila kule kujipanga upya huchukua wiki, pengine miezi.

Alama nyingine ni ya kurudisha dawa. Akirudia dozi yake, mgeni huaga ndani ya siku moja hadi tatu. Ingekuwa sonona yenyewe, angesubiri wiki mbili au zaidi kabla ya kuona nafuu.

Kwetu mgeni huyu hupewa majina mengi. La kwanza ni malaria. Maungo yanauma, jasho, tumbo limechafuka, basi mtu anapimwa, na hata kipimo kikikataa wapo wanaonunua mseto "wa kujihami". Hapo linaongezeka jambo lingine. Lumefantrini iliyomo kwenye mseto huweza kurefusha mpigo wa umeme wa moyo, na pia hukwamisha njia ya ini inayosafisha amitriptilini na ndugu zake, dawa za zamani za sonona. Kwa hiyo anayetumia, au aliyeacha juzi, amitriptilini au sitalopramu (nayo ni ya sonona) hafai kupewa mseto bila kipimo chanya na bila mtoa dawa kuambiwa anameza nini kingine. Jina la pili ni presha. La tatu ni jini, na hilo mimi siligusi.

La nne ndilo linaloumiza. Mjini hapa neno tulilonalo la mwili kudai dawa ni arosto, na arosto ni ya wavuta unga. Mwambie mama wa watu kwamba ana arosto uone kama atarudi dukani kwako. Na si sahihi pia. Aliyezoea unga huutamani, huongeza kipimo, huuza sahani za nyumbani. Mtu wa setralini hana hamu nayo hata kidogo, kidonge anakisahau mezani, na dozi ya mwaka jana ndiyo ya leo. Mwili umezoea, na kuzoea si uteja. Ila kwa kuogopa neno lile watu wa fani yangu tumekwenda upande wa pili, tukawa tunasema dawa hizi "huachwa tu". Hazikuwahi kuachwa tu. Imipramini, dawa ya zamani ya sonona, ilianza kutumika miaka ya 1950, na muongo haujaisha madaktari walikuwa wameshaandika kwamba wanaoikatiza ghafla wanaugua.

Ni wangapi? Mapitio ya 2019 yalisema zaidi ya nusu ya wanaoacha, na yakazua ugomvi. Uchambuzi mkubwa uliotoka 2024 kwenye jarida la Lancet Psychiatry ulikuta dalili kwa karibu 31 katika 100, lakini pia kwa 17 katika 100 ya walioacha vidonge visivyo na dawa ndani. Dalili kali zilikuwa kwa kama 3 katika 100. Naamini zaidi huo wa pili, ingawa majaribio mengi huchukua watu waliotumia dawa kwa miezi michache tu, na wa kwetu kaitumia mwaka na nusu.

Dawa nayo ina tabia yake. Paroksetini na venlafaksini ndizo za kuogopa zaidi. Venlafaksini hupungua nusu kwa saa tano, na kile inachogeuka kuwa mwilini kwa saa kumi na moja, hivyo aliyechelewa dozi asubuhi anaweza kusikia shoti kabla ya jua kuzama. Fluoksetini ni kinyume. Yenyewe na mabaki yake hukaa mwilini kwa wiki, inajishusha polepole, na mgeni akija huja wiki kadhaa baadaye, wakati hakuna anayekumbuka kuwa dawa iliachwa. Halafu iko amitriptilini, ambayo wengi wanaimeza bila kujua ukoo wake, kwa sababu waliandikiwa ganzi ya miguu ya kisukari au kipandauso. Hiyo ikikatwa ghafla hutoa mate, jasho, tumbo la kuharisha na ndoto mbaya, kwani kwa miezi ilikuwa imekausha yote hayo. Wanapokuja kununua dawa ya kuharisha, nani anawauliza? Jumanne ile hata niliyeambiwa kila kitu sikusikia.

Jumatano akaja mjukuu kuchukua Panadol nyingine. Nikamtuma: mwambie bibi alikuwa sahihi, mimi ndiye niliyekosea, namuomba apite. Alipita baada ya Alasiri. Tukampigia daktari wake pale pale, naye akasema arudie 100 usiku huohuo. Kwa kuwa zilikuwa zimepita siku sita tu, haikuhitaji kuanza upya kidogo kidogo. Nikamuuliza pia lile swali ambalo ni vigumu kulisema dirishani: kama amepata fikra za kujidhuru. Akasema hapana. Angesema ndiyo, angepelekwa hospitali siku hiyohiyo, dozi baadaye. Akaniuliza, "Kwani ni mimi peke yangu?" Nikampa zile namba za 2024. Alicheka kidogo.

Ijumaa alipita kununua zinki ya mtoto, anatembea bila kushika ukuta. Kuhusu Jumanne hakusema neno. Alisema tu, "Sasa niambie, nashukaje?"

Nakiri tangu hapo nimekuwa na furaha ya ajabu, ya mtu aliyepewa hesabu nzuri. Maana kushuka ni hesabu, na hesabu yenyewe imepinda. Chukua sitalopramu, ambayo imepimwa vizuri kwa picha za ubongo. Miligramu 20 hushika kama asilimia 80 ya milango ya kufyonza serotonini. Ukipanda mpaka 40 unaongeza kidogo sana. Lakini miligramu 5, robo ya dozi, bado inashika karibu asilimia 60. Kwa hiyo kutoka 40 kwenda 20 hujasikia kitu, na kutoka 5 kwenda sifuri umeanguka. Ni ngazi yenye vidato vifupi juu, na cha mwisho chini kina kimo cha mtu. Watafiti Horowitz na Taylor walilieleza hilo mwaka 2019, na mwongozo wa Uingereza wa 2022 sasa unataka kila hatua ikatwe kwa sehemu ya dozi iliyopo, siyo kwa miligramu zilezile. Mwongozo wa WHO tuliofundishiwa sisi ulisema dawa iendelee miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kuisha, kisha ishushwe kwa wiki nne angalau. Lile "angalau" ndilo watu hulisahau. Wiki nne kwa aliyemeza miezi sita huenda zikatosha. Kwa mwaka na nusu naziona chache.

Daktari amekubali mpango huu, na yeye ndiye mwenye kauli ya kuubadili. Vidonge vya 50, kila hatua siku 28. Kwanza kimoja na nusu, yaani 75: vidonge 42. Kisha kimoja: 28. Kisha nusu: 14. Kisha robo, miligramu 12.5: vidonge 7. Hapo wengi huacha, na hapo ndipo kidato kirefu kilipo. Sisi tunaendelea kwa maji. Robo inasagwa katikati ya vijiko viwili, inatiwa kwenye mililita 10 za maji, inatikiswa sana kwa kuwa haiyeyuki, inaelea tu. Kabla haijatuama unavuta mililita 5 kwa bomba la sindano lisilo na sindano na kunywa, iliyobaki unamwaga, haiwekwi kesho. Hiyo ni kama miligramu 6. Hatua ya mwisho ni mililita 2.5, kama 3. Hatua hizi mbili ni vidonge 7 na 7. Jumla vidonge 105, miezi mitano na nusu. Nimempa vya hatua mbili, na vya mbele nimeviandika daftarini visije kukatika tena kwa sababu duka halina.

Yanayoharibika nayajua. Robo hazilingani, hata kwa kikata vidonge, basi tumia vipande vya kidonge kimoja siku zinazofuatana ili kikubwa na kidogo vifidiane. Usikate vya mwezi mzima, joto la mwambao litavilainisha. Kata vya siku nne, weka kwenye kichupa kikavu. Setralini iliyosagwa ni chungu na hufanya ulimi ganzi. Nimemwambia mapema asidhani kapata kiharusi, na anywe maji ya embe baadaye. Dawa zilizotengenezwa kujiachia polepole mwilini hazisagwi kamwe: kapsuli ya venlafaksini ya aina hiyo hufunguliwa na kuhesabiwa punje. Na ule ujanja wa kumeza siku moja na kuruka ya pili uachwe kwa fluoksetini. Kwa setralini, ukiruka siku, kufikia saa ya dozi inayofuata umebaki na robo, yaani unamwita mgeni kila baada ya siku mbili.

Dalili zikija baada ya kushuka, kama ni nyepesi asubiri, nyingi hupoa ndani ya wiki moja au mbili. Zikimzuia kupika au kulala, arudi kidato kimoja, asipande mpaka 100, akae hapo wiki kadhaa, kisha ashuke kwa hatua ndogo zaidi. Asianze kushuka wiki ya msiba wala ya safari. Ramadhani haina tatizo kwa dawa ya mara moja kwa siku, inahamia futari au daku. Wa mara mbili au tatu kwa siku ndio wamwone daktari kabla mwezi haujaandama. Na mtu mmoja nyumbani ajue. Akamchagua mjukuu.

Aliondoka na kikata vidonge kwenye mfuko wa khaki. Sikumwomba radhi tena, niliona ingekuwa ni kwa ajili yangu.

Kusi limeanza. Mnazi wa uani umezidi kulalia bati la mama Rehema, usiku makuti yanakwaruza mpaka watoto wanaamka, na mkwezi anasema hana nafasi mpaka Jumatano.