Nchi ya ndoto waliyotaka kuijenga Mlima Kenya

Mimi ni mtu wa kupenda sana vitabu vya nchi za kubuni, zile stori za serikali inayojua mpaka ulichokula jana, watu wanaishi kwa namba, huwezi kutoka mtaa mmoja kwenda mwingine bila karatasi. Na kwa miaka mingi nilikuwa najua hayo ni mawazo ya wazungu huko kwao, sisi kazi yetu kusoma tu. Alafu nikakutana na habari ya Freiland, na toka siku hiyo nasoma vitabu vya aina hii kwa jicho tofauti kabisa.

Freiland ni riwaya ya Theodor Hertzka, mwanauchumi mzaliwa wa Budapest aliyekuwa akifanya kazi ya magazeti Vienna, na ilitoka 1890. Stori yenyewe ni hivi, kuna kundi la watu Ulaya wamechoshwa na umaskini na matajiri kuwanyonya wafanyakazi, wanaamua kwenda kuanzisha nchi yao mpya yenye haki. Wanaenda wapi? Mlima Kenya! Wanashuka Mombasa, wanapanga msafara, wanapanda bara, wanaelewana na Wamaasai, wanafika mlimani wanajenga mji. Na sheria za hiyo nchi ni nzuri, siwezi kudanganya. Ardhi haina mwenyewe, kila mtu anaweza kujiunga na ushirika anaotaka akagawana faida na wenzake, mtaji unakopeshwa bila riba, na wanawake, watoto, wazee na wagonjwa wanapata fungu lao kutoka mfuko wa wote. Ukisoma hizo sheria peke yake unatamani kuhamia kesho.

Shida ni hiyo sentensi ya kwanza, ardhi haina mwenyewe. Jamani, Mlima Kenya! Kirinyaga, mahali Wakikuyu wanapoelekeza uso wakiomba, mlima wa Waembu na Wameru na Wachuka pia, watu wana mashamba na mipaka na kesi za mipaka toka enzi na enzi, afu mtu kakaa Vienna na ramani anasema hapa hapana mwenyewe tuanze upya. Na hakuwa mtu mbaya, hilo ndo linaniuma zaidi. Alikuwa anawaonea huruma maskini kwa dhati kabisa. Huruma yenyewe tu ilikuwa na mwisho wake, na mwisho wake ulikuwa pwani ya Afrika.

Sasa sikiliza, watu walikisoma kile kitabu wakakiamini. Si kukipenda tu, walikiamini, vikaanzishwa vyama miji kadhaa ya Ulaya vya kutekeleza hiyo plani, na 1894 kundi la kwanza likashuka Lamu. Lamu hii hii yetu. Nia yao ilikuwa kufuata mto Tana mpaka Mlima Kenya wakaanze hiyo nchi. Na Lamu wanayoingia haikuwa mji wa kungoja wageni waje waanzishe maisha, ni mji wa mawe wenye misikiti na mashairi na biashara ya karne na karne, na jirani yao Witu ilikuwa imechomwa moto na jeshi la majini la Waingereza Oktoba 1890, mwaka ule ule kitabu kilipotoka. Fikiria huyo mtu wa Lamu anawaangalia hao wageni wanateremsha mizigo yao, mmoja anamuuliza mwenzake hawa nao wamefuata nini, anaambiwa wanakwenda kuanzisha nchi ya haki huko juu. Nchi ya haki! Na moshi wa Witu watu hawajausahau.

Hawakufika. Waligombana wenyewe kwa wenyewe, watawala wa Kiingereza hawakuwa na hamu nao, safari ya Tana ikashindikana na kabla mwaka haujaisha kundi likavunjika kila mtu akashika njia yake. Wengi wakiisimulia hii habari wanaisimulia kama kichekesho, wazungu waliopotea, basi. Mimi naona wakosea, manake wazo lenyewe halikuvunjika.

Angalia kilichofuata. Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni, yaani Wayahudi waliotaka kuwa na nchi yao, naye mzaliwa wa Budapest, naye aliandikia gazeti lile lile la Vienna ambalo Hertzka aliwahi kulifanyia kazi, Neue Freie Presse, alikijua kile kitabu na alikitaja kwenye utangulizi wa kijitabu chake cha 1896 akisema ni ndoto ya kuvutia ila hakuna anayeonyesha hiyo mashine itawashwa vipi. Miaka michache mbele, 1903, serikali ya Uingereza ikamwambia Herzl tutawapa Wayahudi wanaoteswa Urusi ardhi Afrika Mashariki, nyanda za Uasin Gishu. Watu wanaikumbuka kwa jina la mpango wa Uganda lakini ardhi yenyewe ni kule Eldoret. Mateso ya Wayahudi Urusi yalikuwa ya kweli, watu walikuwa wanauawa, hilo silipunguzi hata kidogo. Lakini wa Uasin Gishu nani aliwauliza? Waliopinga kwa sauti na wakasikika London ni masetla wenyewe, akina Delamere, wageni wa juzi tu wanalia wageni wengine wasije! Wakatumwa watu watatu kuja kukagua mwanzo wa 1905, wakarudi na taarifa ya kuvunja moyo, na kongamano la Wazayuni mwaka huo likakataa. Herzl mwenyewe alishafariki 1904. Zile nyanda hazikukaa sana, 1908 wakaja Makaburu na magari yao ya ng'ombe kutoka Afrika Kusini, wakagawiwa mashamba kwa namba, na ndo maana mpaka leo wazee wanaiita Eldoret Sisibo, ni "sixty-four" kwa matamshi yetu, shamba namba 64.

Wanaotetea hizo ndoto husema lakini walikuta ardhi tupu. Hapa nataka nikae kidogo. Kwanza miaka ile ya 1890 na 1891 sotoka ilipita ikamaliza ng'ombe, na Mmaasai bila ng'ombe unajua mwenyewe. Ikaja ndui. Ikaja njaa kubwa mwisho wa hiyo miaka ya tisini, Wakikuyu wa Kiambu wengi wakafa na wengine wakarudi kwa ndugu zao kaskazini kungoja hali itulie. Setla anafika 1903 anakuta shamba limeota majani anasema hapana mtu. Ukitoka nyumbani kwenda kuuguza mgonjwa ukirudi ukakuta mtu amelala kitandani kwako anakwambia nimekuta mlango wazi, ndo hivo.

Na distopia, yaani ile nchi ya kutisha niliyokuwa naitafuta vitabuni, ilijengwa hapo hapo. Wamaasai waliwekeana mkataba na Waingereza 1904, wakahamishwa nusu yao Laikipia, wakaahidiwa hapo ni pao maadamu Wamaasai wapo duniani. Miaka saba tu, 1911, wakaanza kuhamishwa tena kupelekwa kusini. Walipokwenda mahakamani 1913 wakaambiwa mkataba wenu ni wa nchi na nchi, mahakama hii haina uwezo nao. Yaani siku ya kuhamishwa wewe ni raia wa kuamrishwa, siku ya kudai haki wewe ni taifa la nje. Alafu kukaja kipande, sheria ya 1915 iliyoanza kutumika baada ya vita. Kila mwanaume Mwafrika kuanzia miaka 16 alama za vidole zichukuliwe, karatasi yake iandikwe jina, kabila, mshahara, nani kamwajiri, iwekwe kwenye kijisanduku cha chuma kivaliwe shingoni kwa kamba. Ukitoka kazini mwajiri hajatia sahihi ni kosa la jinai. Hebu niambie ni mwandishi gani wa hadithi za kutisha aliyehitaji kuongeza kitu hapo.

Ndo maana namheshimu sana Shaaban Robert. Alikuwa karani wa serikali Tanganyika chini ya utawala huo huo wa Kiingereza, na akabuni nchi yake mbovu, Kusadikika, 1951, lakini angalia alipoiweka, angani! Hakuna wa kufukuzwa ili Kusadikika ikae. Na wale wajumbe sita waliotumwa pande zote sita, mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini, wanakwenda nchi mpya kutafuta mema ya huko wayarudishe kwao. Hawaendi kupima viwanja. Wanarudi wanatupwa jela na watu wao wenyewe, na ubaya wa nchi unaonekana hapo, kwa mkubwa asiyetaka kusikia habari njema kutoka nje. Mpaka leo sijapata riwaya nyingine inayonipa safari ya nchi mpya kwa mtindo huo.

Siku hizi tunaambiwa habari za kuhamia Mars, na angalau kule sijasikia kuna mwenye shamba. Mimi shauku yangu ipo huku chini. Natamani mtu aandike Freiland upya kwa Kiswahili, aianzie bandarini Lamu 1894, msimulizi awe nahodha au mpagazi aliyepewa mizigo ya hao wageni, au mzee wa Nyeri ambaye habari zimemfikia kwamba kuna watu wanakuja kuishi kwenye mlima wake na wameshakubaliana sheria zote. Kama kuna anayeandika au anayefikiria kuandika, aniambie, nitasoma mswada wote na nitautafutia wasomaji wengine.