Shangazi na dawa zake za presha za "orijino"

Shangazi yangu hamezi dawa ya presha kama boksi halijaandikwa Norvasc. Ukimpelekea amlodipine ya kampuni nyingine ataigeuzageuza, atasoma imetengenezwa wapi, akiona India basi, "hizi za kutuzugia", inaenda droo. Sasa Norvasc bei yake imechangamka, kwahiyo mwezi ukiwa mgumu anameza leo kesho anaruka, anazibania mpaka hela ipatikane, na hapo ndo presha inapanda kweli halafu anakwambia unaona, hadi orijino siku hizi wanachakachua!!

Jamani, Norvasc ndo hiyohiyo amlodipine. Pfizer ndo waliianzisha wakawa na hatimiliki, na hatimiliki kwa kawaida ni miaka 20 tangu siku ya kuomba, ikiisha wengine nao ruksa kutengeneza. Hao wa jeneriki, yaani wanaotengeneza dawa ileile hatimiliki ikishaisha, hawarudii utafiti wote upya ndo maana bei inashuka, ila lazima waonyeshe dawa yao inaingia kwenye damu kwa kiasi na kasi karibu ileile. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, walishapitia majaribio zaidi ya 2,000 ya mwaka 1996 mpaka 2007, tofauti ya kiasi kinachoingia kwenye damu kwa wastani ilikuwa kama asilimia 3.5 tu. Rangi, umbo, wanga wa kushikilia kidonge, hivyo ndo vinatofautiana, so kama una aleji na kitu fulani soma boksi.

Na hii dharau ya India mi huwa inanichosha. Mwaka 2001 Cipla, kampuni ya hukohuko India, walitangaza ARV za mchanganyiko kwa dola 350 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka mzima, wakati zile za majina makubwa zilikuwa zinagonga dola 10,000 na zaidi. Hata leo ARV nyingi zinazotolewa bure kliniki zetu ni jeneriki za hukohuko India, na watu wapo, wanalima, wanalea wajukuu.

Feki ni kesi nyingine kabisa, watu wanachanganya. Anayefoji anaweza kufoji hata boksi la jina kubwa, kwahiyo cha kuangalia ni kama dawa imesajiliwa TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, na duka lenyewe lina kibali, bei peke yake haikwambii kitu.

Ila kuna sehemu moja hata mimi ambaye ni timu jeneriki napunguza mdomo. Dawa za kifafa kama carbamazepine na phenytoin, warfarin ya kuzuia damu kuganda, levothyroxine ya tezi, hizi kipimo chake ni chembamba sana, ikipungua au ikizidi kidogo tu mwili unaona. Ukishatulia na kampuni moja, iwe jeneriki iwe yenye jina, baki nayo, na famasi wakikwambia imeisha chukua hii ingine ni ileile, mpigie daktari wako kwanza.